Leo Tumefunga

Nekesa alinipigia simu Jumanne, nikiwa mezani nachambua maharagwe, akaniambia mama yake amefariki na kwamba watamzika Jumamosi ya wiki ijayo, kwao, upande wa Bungoma. Sauti yake sikuitambua, na ningeitambuaje? Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtoto wa miaka miwili, amefungwa mgongoni kwa leso, ananyonya ncha ya leso hiyo. Sasa ni mwanamke mwenye watoto wakubwa, anakaa Syokimau, na namba yangu aliipata kwa kuulizauliza kanisani kwetu Mumbuni. "Anti Nduku," alisema, "tunatengeneza kitabu cha mazishi. Kuna ule mwaka mama alikaa Machakos, na sisi hatujui mengi. Lakini alikuwa anakutaja sana. Tafadhali utuandikie tu mistari kumi hivi, vile ulimleta kwa Kristo." Nilimpa pole, nikasema nitaandika, tukaagana. Kisha nikarudi kwenye maharagwe yangu, na baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa natupa mazuri na kubakiza yaliyotobolewa na wadudu.

Mistari kumi. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na nimekuwa katibu wa kamati hii na ile kanisani tangu nikiwa msichana, kwa hiyo mistari kumi kwangu ni kazi ya robo saa. Nimekaa nayo siku nne. Kila nikianza, kalamu inatoa sentensi nzuri ya kitabu cha mazishi, na kila sentensi nzuri ni ya uongo. "Nilibahatika kumwongoza marehemu." Futa. "Marehemu alipokea neno kwa moyo mkunjufu kupitia kwa kamati yetu." Futa na hiyo. Basi nimeamua kuandika kwanza yote, marefu, kama yalivyokuwa, kisha nichote humo mistari yangu kumi. Naona haya kuandika, na nimeona haya miaka arobaini na zaidi kwa kutoandika, kwa hiyo sioni nitapoteza nini.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea kuitwa chuo cha ualimu, na nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu hapa Mumbuni. Kanisa letu lilikuwa dogo: ukuta wa mbele wa mawe, pande tatu za mabati, na ubavuni chumba kimoja kilichonuka mafuta ya taa na panya. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na meza, benchi, na daftari kubwa jeusi la Kamati ya Ushuhuda. Daftari hilo lilikuwa langu. Kila nyumba ya Mumbuni iliyofikiwa na miguu yetu ilikuwa humo, jina la mwenye nyumba, siku tuliyomtembelea, na mwisho wa mstari safu moja iliyoitwa "Hali". Katika safu hiyo niliandika neno moja kati ya mawili: ndani, au nje. Aliyebatizwa kwetu alikuwa ndani. Wengine wote, mlevi, Mwislamu, mganga, hata Mkatoliki anayekwenda misa kila siku, walikuwa watu wa nje. Wazee wetu walisema andu ma nza, na kwa Kikamba neno hilo linasikika kama watu waliofungiwa mlango. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilipenda sana kuandika "nje", herufi zake ni chache na zinakaa vizuri kwenye mstari.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nthenge, aliyekuwa dereva wa tingatinga la barabara kabla ya kustaafu. Mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Alikuwa na sheria moja tu, na aliisema kila Jumamosi kabla hatujatoka: "Kwa watu wa nje tunapeleka, hatupokei." Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Zamani, kabla yangu, watu wa kanisa letu walikwenda kuhubiri upande wa Katelembo, wakapewa nyama katika nyumba moja wakala. Baadaye wakasikia kwamba yule mbuzi alikuwa amechinjwa kwa ajili ya kafara, na wawili kati yao wakaumwa tumbo wiki nzima. Mimi leo nadhani ile nyama ilikuwa imelala tu. Lakini tangu siku hiyo kanisa letu halikutia kitu kinywani katika nyumba ya mtu wa nje, hata maji.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Ukambani ataniuliza: mliwezaje? Hapa kwetu mgeni akiingia, sufuria inainuka. Huwezi kumwambia mama aliyekwisha kuwasha moto kwamba chakula chake hukitaki. Afadhali umtukane mumewe. Ndiyo maana kamati ilikuwa na neno lake la adabu. "Leo tumefunga." Sijui nani alilianzisha, mimi nililikuta pale pamoja na benchi. Watu wa nje hawakulipinga, kwa sababu walishazoea kwamba walokole wana mambo yao. Na mimi, nisifiche, nililisema vizuri kuliko wote. Nililishusha kwa sauti ya chini, nikiinamisha macho kidogo. Rafiki yangu Syombua, ambaye tulitembea naye kila wiki, aliniambia kwamba nikilisema naonekana kama mtu mwenye njaa ya kweli. Nilikuwa na njaa ya kweli. Tulikuwa tukitoka saa nne asubuhi na kumaliza saa saba, kisha tunakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Nthenge, ambako mkewe, tuliyemwita sote Mwaitu, yaani mama, alikuwa ametupikia wali na nyama ya ng'ombe na kabeji, na birika la chai ya maziwa linangoja. Kufunga kulitutia njaa sana.

Mama Nekesa alikuwa amepanga chumba kimoja katika ile safu ya vyumba iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mumewe alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha simenti huko Athi River na alikuja nyumbani Jumapili tu. Yeye mwenyewe alichemsha mahindi na mayai alfajiri, akaenda kuyauza Kyumbi, pale njia panda, kwa abiria wa mabasi ya Mombasa, na Jumamosi alirudi mapema. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyoishi. Kitanda nyuma ya pazia la maua. Vigoda vitatu. Kalenda ya mwaka uliokwisha, ambayo hakuitoa kwa sababu alipenda picha yake, mto na ng'ombe wanakunywa. Na kuku mmoja mwekundu, mnene, aliyefungwa mguu kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, ambaye wakati wa maombi alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. Tulikwenda mara mbili. Mara zote mbili alitusikiliza kwa namna ambayo sikuwa nimezoea kusikilizwa, mikono mapajani, mtoto mgongoni. Alituambia kwao alikuwa akiingia kanisani pale tu mvua ilipomkuta njiani. Halafu akauliza maswali. Moja silisahau. "Na huyu Yesu mnasema alikuwa anatembeatembea," akasema, "sasa alikuwa anakula kwa nani?" Nikamjibu haraka, kama mwanafunzi aliyesoma, "Kwa watu wote, Mama Nekesa. Hata kwa watu wabaya." Akatikisa kichwa polepole. Mimi nikafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi ya tatu tulipofika, kuku hakuwepo. Kamba ilikuwa bado kwenye mguu wa kitanda. Chumba kizima kilinuka mchuzi, kitunguu na dania, na juu ya meza ndogo aliyoiazima kwa jirani kulikuwa na ugali wa wimbi, mweusi, wa moto, na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Mzee Nthenge alikuwa ametengewa kigoda cha mbele, na mbele yake, katika kisahani cha peke yake, kulikuwa na firigisi. Kwao firigisi ni ya mwanamume wanayemheshimu. Hilo nililijua baadaye sana. Mama Nekesa alikuwa amevaa gauni ambalo sikuwahi kuliona, na alikuwa amesimama na jagi la maji na beseni, tayari kutunawisha.

"Karibuni mkule," akasema. "Leo hakuna maneno mingi. Maneno nimesikia, sasa leo ni kukula."

Mzee Nthenge akaniangalia. Syombua akaangalia kalenda. Mimi nikainamisha macho. "Mama Nekesa, asante sana, Mungu akubariki," nikasema. "Lakini leo tumefunga."

"Mmefunga?"

"Ndio. Kwa maombi."

"Nyinyi wote?"

"Sisi wote."

Hapo tumbo la Syombua likaunguruma, kwa sauti, wote tukalisikia. Mama Nekesa akaweka jagi chini. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu anayepiga hesabu ya jambo jipya. "Sasa mimi nitakulaje, na wageni wako na njaa kwa nyumba yangu?" akasema. "Basi hata mimi nimefunga." Akaiacha sahani juu ya bakuli, akafunika ugali kwa kitambaa, akaketi. Mtoto akaanza kulia kwa sababu ya harufu. "Mtoto hafungi, ama?" akaniuliza. "Mtoto hafungi," nikamjibu, mimi mtaalamu. Akamega kipande kidogo akampa. Tukaimba, Mzee Nthenge akaomba, maombi mafupi kuliko kawaida yake, tukatoka. Mpaka leo naona firigisi ile katika kisahani chake.

Nyumba ya Mzee Nthenge haikuwa mbali, ni mwendo wa dakika tano. Mwaitu alipakua. Nilikuwa na mfupa mkononi, nanyonya uboho, na Syombua alikuwa anacheka jambo fulani huku amejaza wali mdomoni, mtu akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Alikuwa Mama Nekesa. Nilikuwa nimesahau kitabu changu cha nyimbo juu ya kigoda, akaniletea. Alisimama pale kizingitini na mtoto mgongoni, akatuangalia, sahani, mchuzi, mfupa, na nyuso zetu.

"Mmefungua?" akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kunyamaza, hata hiyo ingekuwa nafuu. Nikasema, "Ndio, tumefungua sasa hivi." Jua lilikuwa utosini.

"Sawa," akasema. "Basi hata mimi niende nikafungue."

Mwaitu, ambaye hakujua lolote, akamwita, "Keti ule, mwanangu, chakula iko." Mama Nekesa akashukuru, akasema ameacha kuku kwa sufuria. Akakiweka kitabu changu mezani, mbali na mchuzi ili kisichafuke, akaenda zake. Mzee Nthenge alisukuma sahani yake, mikono yake mikubwa ikabaki mezani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nduku, twende tukamwambie." Na mimi, msichana wa miaka ishirini, nikamwambia mzee wa miaka sabini, "Tumwambie nini, Mzee? Tutaharibu kazi. Ameamini." Alinisikiliza kwa sababu nilikuwa na elimu na daftari lilikuwa langu. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sheria haikuwa yangu. Ni kweli, haikuwa yangu. Lakini mwenye sheria alitaka kwenda kuungama siku ileile, na ni mimi niliyemkalisha kitini. Ninaona aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa mfupa.

Kesho yake, wakati wa shuhuda, Mama Nekesa alisimama. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, mahali pa wageni. Akasema anashukuru kamati, hasa dada Nduku, kwa kumfundisha kufunga. Jana alifunga kwa mara ya kwanza maishani, akasikia raha fulani moyoni, na ameamua kwamba kila Jumamosi atafunga na sisi. Kanisa likapiga makofi. Mimi nikapiga makofi pia. Mtu afanye nini na mikono yake wakati kama huo? Mzee Nthenge aliinama akafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Tulipotoka nje mzee mmoja wa kanisa, mkali, mwenye kumbukumbu ya kila tangazo, akanishika mkono. "Huo mfungo ulitangazwa lini?" akaniuliza. "Mimi huwa niko kila Jumapili." Nikamwambia ulikuwa wa kamati tu. Akaniangalia kwa muda akaenda zake. Tangu siku hiyo nilimwogopa mzee huyo, na kwa sababu nilimwogopa yeye nilianza kumkwepa Mama Nekesa.

Lakini bomba la maji lilikuwa moja. Tulikutana pale na mitungi yetu, na yeye kila mara alikuwa na swali. "Nduku, mtu akifunga, maji inaruhusiwa?" Inaruhusiwa, nilisema. "Na chai?" Chai hapana. "Hata ya rangi?" Hata ya rangi. "Na kama napikia mtoto, nikionja mchuzi kidogo nisikie chumvi?" Ukionja uteme, nilimwambia. Nilikuwa natunga sheria papo hapo, mimi ambaye sijawahi kukosa chakula cha mchana kwa hiari yangu, na kadiri nilivyokuwa mwongo ndivyo sheria zangu zilivyozidi kuwa kali. Alikuwa ananiuliza huku ananitazama usoni, bila haraka, maji yakimwagika kutoka kwenye mtungi uliojaa. Wakati huo nilidhani ni ujinga wa mtu mgeni katika imani. Nilimhurumia. Nilirudi nyumbani nikamwigiza mbele ya Syombua, tukacheka mpaka tukaegemea ukuta.

Na alifunga kweli. Hilo nililiona. Jumamosi moja mwezi wa tisa, jua la kupasua kichwa, shangazi alinituma Kyumbi nikamkuta amekaa kwenye jiwe na karai la mayai miguuni, midomo imekauka, anakimbilia madirisha ya mabasi na kurudi kukaa. Muuzaji mwenzake wa machungwa alikuwa anamgombeza. "Si ukule hata yai moja! Kwani unauza nini?" Naye akamjibu, "Ngoja jioni. Niko na watu tunafunga na wao." Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, nina mandazi mawili ya moto kwenye karatasi. Niliyatia mfukoni mwa sketi, mafuta yakapenya. Sikumsalimu. Nilizunguka nyuma ya kibanda nikaenda nilikotumwa, na yale mandazi niliyala baadaye, yote mawili.

Mwezi wa kumi na moja wazee wa kanisa walikaa kuwapokea wanaotaka darasa la ubatizo. Kwetu, mtu kutoka nje alihitaji mshirika mmoja wa kumsimamia, aseme mbele ya wazee kwamba anamjua. Mama Nekesa aliniomba mimi. Alikuja mpaka kwa shangazi kuniomba, jioni ya Ijumaa, hakukubali kuketi. "Sina mtu mwingine hapa Machakos," alisema. "Unisimamie." Nikasema nitakusimamia. Nilikuwa nimekusudia hivyo, nadhani. Lakini siku ile katika kile chumba cha mafuta ya taa, wazee sita wamebanana kwenye benchi, yule mzee mkali akiwa katikati amefungua kalamu, Mama Nekesa akiulizwa maswali yake akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia, kisha akaombwa atoke nje kidogo, nilijua swali litakalofuata. Wangeniuliza alifundishwa nini na nani. Wangeniuliza habari ya mfungo. Mzee Nthenge alikuwa amekaa pembeni, ananiangalia kwa macho ya kunisihi.

"Nduku," akasema yule mzee mkali, "wewe ndiye umemtembelea. Huyu mama unamjua?"

"Simjui vizuri," nikasema.

"Umekuwa ukienda kwake mwaka mzima."

"Nimeenda, lakini simjui vizuri. Ni mtu wa mbali. Labda angojee mwaka ujao."

Mzee mkali akaandika. Na dirisha la chumba kile, dirisha la mbao lisilo na kioo, lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na chini ya dirisha hilo ndipo palipokuwa na kivuli pekee mchana ule. Nilipotoka nilimkuta pale amesimama, mgongo ukutani, mtoto amelala. Alikuwa amesikia kila neno. "Ni kweli, Nduku," akasema. "Bado hatujajuana." Akanishika mkono, akaushika kidogo, akauachia, akashuka njia ya kwenda kwenye mashine ya unga. Kabla ya mwaka kwisha mumewe alisimamishwa kazi pamoja na wenzake, wakafunga mizigo wakarudi kwao. Sikwenda kumuaga. Nilisikia habari kwa Syombua, nikafungua daftari, na katika safu ya "Hali" nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, "Amehama."

Mwezi uliopita, kabla ya simu ya Nekesa, kamati ya siku hizi iliniita niwape mawaidha. Ni vijana wazuri. Wana fulana za rangi moja, wana kipaza sauti, wanagawa unga na sabuni Kyumbi na kupiga picha. Mwenyekiti wao, kijana msomi, alisimama akauliza, "Mwalimu, kwa maoni yako, lengo la kanisa kwa watu wa nje ni nini hasa?" Neno ni lilelile, watu wa nje. Nikasema, "Kuleni kwao." Wakacheka, wakadhani nimetania kama wazee wanavyotania. Nikarudia: mkienda nyumba ya mtu, mkikaribishwa, ketini mle, na kama hamwezi kula kwake msimpelekee neno. Karani wao akaandika. Baadaye nilichungulia kumbukumbu zake za mkutano nikakuta, "Mwalimu alizungumzia suala la chakula cha wanakamati." Ningewaambia kwa nini. Nilikuwa na nafasi, walikuwa wamekaa kimya wananisubiri. Nikasema nina mkutano mwingine.

Mistari kumi nimeipata jana. Nimeandika kwamba tulikwenda kwake kumhubiria, naye akatuchinjia kuku wake wa pekee. Kwamba tulikataa kula, tukamwambia tumefunga, na haikuwa kweli. Kwamba aliamini, akafunga, na sisi tukala. Kwamba alipoomba kuingia kanisani nilisema mbele ya wazee simjui vizuri, akasikia, akaondoka Machakos akiwa bado kwenye daftari langu ni mtu wa nje. Kwamba mimi sikumleta kwa Kristo, wala kwa mtu mwingine yeyote. Nikampigia Nekesa nikamsomea kwa simu, kwa sababu nilijua nikituma kwa ujumbe nitafuta kitu kabla ya kubonyeza.

Nilipofika kwenye "tumefunga" alitoa sauti ambayo nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka. "Ngoja, ngoja, Anti," akasema. "Kwa hivyo ni kweli? Mama alikuwa anatuambia hiyo kila Krismasi! Anatoa sauti ile nyororo, 'Leo tumefunga', watoto wanaanguka chini. Sisi tulidhani ametunga. Tulisema hakuna watu kama hao."

"Alijua?" nikauliza.

"Anti, harufu ya nyama ilimpata kwa barabara. Alisema alisimama nje ya boma kidogo ndio mmalize kutafuna, lakini mkakawia." Akacheka tena mpaka machozi, akapenga kamasi. "Lakini kufunga alifunga. Kila Jumamosi, mpaka sukari ikamkataza. Alikuwa anasema jambo lenyewe lilikuwa nzuri, ni nyinyi tu hamkulifanya."

Nilikaa kitandani. Nilifikiria yale maswali ya bombani, maji, chai ya rangi, kuonja mchuzi, na jinsi alivyonitazama usoni huku mtungi unafurika. Kila wiki alikuwa ananipa nafasi ya kusema ukweli, na mimi nikamwambia ateme. Nekesa akasema niendelee kusoma. Nikasoma habari ya wazee, na dirisha, na maneno niliyosema. Nilipomaliza hakucheka. Nilisikia upande wake watu wanaburuta viti, mtu anauliza turubai litafungwa wapi.

"Hiyo soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Hiyo hakutuambia," akasema Nekesa.

Nikaikunja ile karatasi mara mbili.

"Ile ya kuku nitaiweka kwa kitabu, watu wacheke, hata yeye angependa," akasema. "Lakini hii siwezi kuiandika. Kama miaka hii yote mama hakuisema, mimi ni nani? Uje uiseme wewe mwenyewe, mbele yake."

Nikamuuliza nitapewa dakika ngapi.

"Anti," akasema, "wewe kuja tu."